Karatasi za Mwaka Juzi

Maabara ya joto iko chini, ghorofa isiyo na dirisha.
Nje, Al-Khudhi inaungua kwa nyuzi arubaini na nne;
ndani tunavaa sweta juu ya abaya
tukisubiri ufito wa shaba upate moto.
Zuwena anasoma vipimo, mimi naandika.
Sitini na moja. Hamsini na nne. Arubaini na tisa.
Mhadhara ni wa Kiingereza, soga za korido ni za Kiarabu,
lakini namba, mimi na yeye, tunazihesabu
kama tulivyofunzwa jikoni na mama zetu,
kwa vitumbua: hiki chako, hiki changu, hiki cha nduguyo.

Ndivyo tulivyojuana, muhula wa kwanza.
Nilikosea kujumlisha, nikajiita mjinga kimoyomoyo,
kumbe kwa sauti.
Meza ya pili mtu akageuka: "Wee! Wa wapi wewe?"
Wa Ibra. Na wewe?
Wa Al-Hail, lakini bibi ni wa Wete.
Tukacheka hadi msimamizi akatutazama
juu ya miwani yake.

Hapa alama ya mtu haisimami peke yake.
Zote hupangwa kwenye mkunjo wa kengele:
wachache juu, wengi tumboni,
na wa chini lazima wapatikane
hata kama sote tumesoma.
Tisini ya mwenzio ndiyo sabini yako.
Hilo halikubandikwa ukutani,
ila maktabani kila mtu hufunika daftari kwa kiwiko
kama mtoto anayelinda sahani.

Mimi nilikuwa na karatasi.
Binamu yangu Mundhir, alipohitimu, aliniachia faili la buluu:
mitihani ya mwaka juzi na ya kabla yake,
majibu kwa wino mwekundu,
doa la karaki kwenye swali la nne.
Nililitia chini ya godoro, bweni la saba,
nikalilalia kama yai.

Wiki ya mtihani, kituo cha basi, Zuwena akanisogelea.
Macho mekundu. Mkononi andazi la mama yangu.
"Mficha uchi hazai," akasema, akijaribu kucheka,
"mwenzio sielewi kitu toka sura ya tano.
Huna chochote cha mwaka juzi?"

Ningeweza kumjibu kwa Kiingereza,
lugha ninayokosea kila siku;
kosa moja zaidi lisingeonekana.
Nilimjibu kwa lugha ya vitumbua.

Sina.

Herufi nne. Hata ulimi haukuuma.
Akalimega andazi, akanipa kipande kikubwa.

Swali la nne lilikuja vilevile,
wamebadilisha namba tu.
Nikapata themanini na nane.
Orodha niliapa nisiitazame chini,
lakini macho hayana pazia.

Muhula uliofuata nilipangiwa mwingine,
msichana wa Sur, mpole, anahesabu kwa Kiarabu.
Zuwena alihamia Nizwa. Wanasema uhasibu.
Hatukugombana. Siku ya Idi alinitumia picha ya vitumbua,
bila neno.

Ule ufito bado upo, umefungwa palepale.
Washa upande mmoja, subiri.
Joto halijui mkunjo.
Huondoka kwa mwenye nalo
likaenda kwa asiyenalo,
wala halingoji kuombwa.
Sheria hiyo nimeiandika mara ngapi kwa mkono huu,
nikapewa alama kamili.

Mwezi wa nne nikatoa nakala kumi,
nikaziacha chumba cha kufulia, juu ya mashine mbovu.
Asubuhi haikubaki hata moja.
Nikashinda na furaha kutwa nzima,
mpaka Raiya wa chumba cha pili akaninong'oneza:
aliyezichukua ni mmoja.
Zote kumi.

Namjua. Nilimwendea jioni, nikamuuliza.
Godoro lake lilikuwa limeinuka kidogo, upande wa ukuta.
Alinitazama bila kupepesa,
akaniambia, kwa Kiarabu kitamu cha kwao,
kwamba hana.